Mwenye Karatasi na Mwenye Jembe

Msomaji kijana, katika lugha yetu limo neno ambalo yamkini umelisikia mara nyingi pasipo kuuliza limetoka wapi. Neno hilo ni merikani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Katika karne ya kumi na tisa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, mji ulio katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Wageni hao walinunua pembe za ndovu na sandarusi, nao wakaleta vitambaa vilivyofumwa katika viwanda vya kwao. Misafara ilivichukua vitambaa hivyo hata bara ya mbali, na mahali pengi vilipokewa kama fedha. Mkataba uliruhusu ushuru wa tano kwa mia, wala haukuweka hesabu ya majora ambayo yakiisha kushushwa pwani, mengine yarudi yalikotoka. Mlango ulikuwa wazi kwa kila aliyelipa, na nguo ikaenea hata jina la nchi ilikotoka likawa jina la nguo yenyewe.

Sasa tuitazame pamba ikisafiri upande wa pili. Tarehe 5 Septemba, 1939, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitoa tangazo la kuweka kikomo cha pamba ya kigeni itakayoingia katika nchi yake kila mwaka. Pamba ya nyuzi ndefu iliwekewa kikomo chake mbali. Pamba ya nyuzi zisizofika inchi moja na thumuni iligawanywa nchi kwa nchi. Meksiko ilipewa ratili 8,883,259. India ilipewa ratili 2,003,483. Haiti ilipewa ratili 237. Afrika Mashariki ya Waingereza, yaani sisi, tulipewa ratili 2,240.

Ratili 2,240 ni tani moja tu. Robota la pamba la Uganda lilikuwa na uzito wa ratili 400, basi haki yetu yote ya mwaka mzima haikufika marobota sita. Lori moja dogo lingeyabeba yote kwa safari moja. Na katika misimu kadhaa ya miaka hiyo ya 1930 Uganda peke yake ilitoa marobota zaidi ya 300,000.

Kizuizi cha namna hii ndicho ninachotaka kukishitaki mbele yako. Tutakiita mgawo. Mgawo ni amri ya serikali isemayo: pamba kiasi hiki itaingia, na ikizidi hapo haitaingia, hata mwenye kuileta awe tayari kulipa ushuru wa namna gani. Usiuchanganye na ushuru. Ushuru ni kama ada ya kivuko: mzito au mwepesi, atoaye huvuka. Mgawo ni mlinzi wa kivuko aliyeshika orodha ya majina. Asiyeandikwa havuki, hata fedha ikijaa mfukoni mwake. Watu wengi wema huusifu mgawo kwa kudhani kuwa humlinda mkulima na mfanyakazi. Mimi nasema kuwa wameupa sifa isiyo yake. Mgawo humlinda mwenye karatasi, wala haumlindi mwenye jembe. Nitaleta ushahidi, kisha wewe utakuwa hakimu.

Ushahidi wa kwanza ni ule wa ratili 2,240. Zilipatikanaje? Hakuna aliyepima ardhi yetu wala bidii ya wakulima wetu. Waliangalia biashara ya miaka iliyopita: nchi iliyokuwa imeuza sana ilipewa sehemu kubwa, na iliyokuwa imeuza kidogo ilipewa kidogo. Mgala muue na haki umpe: ni kweli kwamba Marekani haikuwa mnunuzi wetu wa desturi, kwani pamba yetu ilikwenda zaidi India na Uingereza. Lakini hapo ndipo ubaya wa mgawo unapojidhihirisha. Huipima kesho kwa kibaba cha jana. Mtoto aliyekuwa mdogo siku ya kupimwa huandikiwa nguo ya kitoto, naye huambiwa aivae mpaka uzee wake. Katika biashara, maskini ni mtu ambaye bado hajauza sana. Sheria imwambiayo kwamba ataruhusiwa kuuza kadiri alivyouza zamani humfungia katika umaskini wake.

Tena ni haki tuulize sababu ya ukuta huo kujengwa. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiinua bei ya pamba ya wakulima wake ipite bei ya dunia. Bei ikiisha kuinuliwa hivyo, pamba ya kigeni hukimbilia huko kama maji yakimbiliavyo bondeni. Kwa hiyo palihitajika boma. Msaada mmoja ulizaa kizuizi kimoja, na kizuizi kikadumu. Mataifa yalipokubaliana baada ya vita kupunguza vizuizi vya namna hiyo, Marekani iliomba isamehewe kwa mazao yake ya shamba, na mwaka 1955 ikasamehewa. Mgawo wa pamba ghafi ulidumu mpaka mwaka 1995 ulipogeuzwa kuwa utaratibu mwingine wa ushuru. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini si kila mwamba ngoma hupewa ruhusa ya dunia nzima.

Ushahidi wa pili ni huu: mgawo mmoja hauishi peke yake, bali huzaa mwingine. Katika miaka ya 1950 viwanda vya nguo vya Marekani vililalamika juu ya nguo za Japani, na mwaka 1957 Japani ikakubali kujizuia. Nafasi iliyoachwa na Japani ilijazwa na Hong Kong na wengine. Mwaka 1961 ukaja mkataba wa muda mfupi wa kuzuia nguo za pamba, na mwaka 1962 ukaja wa muda mrefu. Wafumaji wa Asia, walipoona pamba imezuiwa, walifuma kwa nyuzi zinazotengenezwa viwandani kwa dawa. Basi mwaka 1974 mkataba ukapanuliwa uzishike nyuzi hizo pia na sufu pamoja nazo. Kizuizi kilichoanza kwa nchi moja na kwa miaka michache kilikwisha tarehe 31 Desemba, 2004, baada ya kuzishika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka arobaini.

Wala usidhani kuwa kosa hili ni la watu wa magharibi peke yao. Uchina ilipoingia katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, iliweka kipimo cha tani 894,000 za pamba kwa mwaka zitakazotozwa ushuru wa asilimia 1. Pamba inayozidi hapo iliweza kutozwa hata asilimia 40. Baadaye, kuanzia mwaka 2011, serikali yake ilinunua pamba ya wakulima wake kwa bei ya juu na kuirundika ghalani, hata akiba ikapita tani milioni 10. Wenye viwanda vya kusokota wakajikuta katikati: pamba ya nyumbani ilikuwa ghali, na ya nje ilikuwa nyuma ya boma. Walakini uzi haukuwa na mgawo. Basi uzi uliokwisha kusokotwa India, Pakistani na Vietnamu uliingia kwa wingi, na mwaka 2015 ukapita tani milioni 2. Boma lililojengwa kwa ajili ya pamba liliwanyang'anya kazi wasokotaji wa nchi ile ile iliyolijenga.

Ushahidi wa tatu unamhusu mnunuzi, ambaye katika mijadala ya namna hii aghalabu husahauliwa. Mwaka 1934 serikali ya Uingereza iliamua kuwa nguo za Japani ziwekewe mgawo katika makoloni yake, ili nguo za Lancashire zipate kuuzika. Sababu ilikuwa wazi: nguo ya Japani ilikuwa rahisi, na maskini waliipenda kwa urahisi wake. Katika Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, baraza la wenyeji lilikataa, na amri ikaletwa kutoka London juu ya vichwa vyao. Nijeria na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, nazo ziliwekewa mgawo. Afrika Mashariki iliponea chupuchupu. Sikuambii kwamba tulihurumiwa; mikataba ya kale ya bonde la Kongo iliwataka watawala wayape mataifa yote haki sawa ya kufanya biashara katika nchi zetu. Kwa hiyo mama wa Kisumu aliweza kuendelea kununua kitambaa cha Kijapani, hali mama wa Accra aliongezewa gharama ili kiwanda cha Manchester kisizimike. Mama huyo hakuulizwa. Nawe umuulize mtetezi wa mgawo kila umwonapo: atakayelipa ni nani, na je, ameulizwa?

Sasa twende kwenye ushahidi wa nne, nao ndio mzito kuliko yote. Kitu kilichozuiwa kisipite kiasi fulani huwa adimu, na ruhusa ya kukileta huwa mali. Anayepewa leseni hupata faida pasipo kulima wala kufuma. Hong Kong, katika siku za mikataba ile ya nguo, haki ya kupeleka nguo ng'ambo ilikuwa ikinunuliwa na kuuzwa kama kiwanja. Mtu aliweza kupangisha karatasi yake akakaa kivulini. Mahali ambapo serikali hugawa leseni hizo kwa siri, hatari huwa kubwa zaidi, maana njia fupi ya kupata utajiri huwa ni kumjua mwenye mhuri. Vijana wenye akili huacha kuuliza jinsi ya kufuma nguo bora, wakauliza ni mlango gani wa ofisi unaofaa kubishwa.

Kenya nayo iliionja shubiri hii. Mwaka 1994 Marekani iliweka mgawo juu ya mashati na foronya kutoka Kenya, na viwanda vilivyokuwa vimeanza kusimama kwa biashara hiyo vikapata pigo. Mwaka 2000 sheria mpya ya Marekani ilizifungulia nchi za Afrika mlango, na viwanda vya kushona vikaja Athi River, Nairobi na Mombasa. Katika miaka michache watu zaidi ya 30,000 walikuwa wakishona humo. Lilikuwa jambo jema, nami sidharau mshahara wa mtu yeyote. Lakini wengi wa wenye viwanda hao walikuja kwa sababu nchi nyingine zilikuwa zimefungwa na migawo, na kitambaa walikileta kutoka Asia. Mkulima wa pamba wa Busia hakuuza hata kilo moja kwa ajili ya mengi ya mashati hayo. Migawo ya dunia ilipokwisha mwanzoni mwa mwaka 2005, maagizo mengi yalihamia Uchina, na viwanda kadhaa vya hapa vikafungwa. Mgawo ulikuwa umevileta, na kwisha kwa mgawo kuliviondoa. Kazi iliyoletwa na kizuizi cha mwingine huondoka siku kizuizi kikiondoka.

Hapa msomaji mwenye uchungu na nchi yake atasimama na kusema: "Ikiwa wakubwa wamefanya hivyo, basi nasi tufunge mlango wetu. Tuweke mgawo wa nguo za kigeni na mitumba, na mkulima wetu atainuka." Neno hilo lina mvuto. Walakini wazee walisema kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tulilia mgawo ulipotuchoma sisi. Tutawezaje kuusifu ukiwa mkononi mwetu? Na hata tukiacha suala la haki, tuulize kama dawa hiyo inaponya. Jibu tunalo, kwa maana tumekwisha kuinywa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Kenya ilivilinda viwanda vya nguo kwa leseni za kuingiza bidhaa na kwa ushuru mkubwa. Viwanda vilinguruma Kisumu, Eldoret, Thika na Nanyuki, na watu wengi walipata kazi. Ukiyatazama majengo hayo kwa mbali ungesema kuwa ukuta umefaa. Lakini nenda shambani. Huko mkulima aliuza pamba yake kwa bodi ya serikali kwa bei aliyopangiwa, na mara nyingi alingoja malipo kwa miezi mingi. Mbegu ilikuja ikiwa imechelewa, na mvua haingoji mbegu. Mtu aliyeokota pamba kwa mikono yake, akaibeba mpaka kituo cha kupimia, akarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha, mwaka uliofuata alipanda mahindi. Kiwanda kililindwa; jembe halikulindwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 leseni zilipoondolewa na mitumba ikaingia kwa mafungu, viwanda vilianguka kimoja baada ya kingine.

Mpinzani wangu atadakia: "Unaona! Ukuta ulipoondolewa, nyumba ilianguka." Ndiyo, ilianguka, na nakubali kuwa ukuta uliondolewa kwa ghafla mno, pasipo kuwapa watu muda wa kujitayarisha. Lakini nyumba iliyokaa miaka ishirini nyuma ya ukuta pasipo kujengewa nguzo haikuuawa na upepo wa siku moja. Mgawo ulikuwa umempa mwenye kiwanda wateja wasio na pa kwenda kwingine. Kwa nini basi asumbuke kununua mashine mpya? Kwa nini amlipe mkulima mapema?

Liko pingamizo jingine lenye nguvu zaidi, nami sitalificha. Uingereza yenyewe ilifunga mlango. Kwa sheria za mwaka 1700 na 1721 ilizuia vitambaa vya pamba vya India vilivyotiwa nakshi, na nyuma ya kizuizi hicho viwanda vya Lancashire vikakua hata vikaitawala dunia. Je, historia hiyo hainiangushi? Hainiangushi, lakini inanifunza kusema kwa uangalifu. Kinga inaweza kumsaidia mwanagenzi. Ila tazama hali zilizoambatana nayo. Pamba ghafi iliachwa iingie. Ndani ya kizuizi hapakuwa na leseni ya watu wachache. Fundi yeyote aliweza kuwasha kiwanda na kumshinda jirani yake, na katika shindano hilo mashine za Hargreaves na Arkwright zikapatikana. Katazo la mwaka 1721 nalo liliondolewa mwaka 1774. Juu ya hayo, Uingereza ilikuwa na dola juu ya India, na mtumwa wa Marekani alichuma pamba yake bila ujira. Hayo si mambo ya kuigwa. Kinga yenye mwisho, iliyo sawa kwa wote, ni gongo la mgonjwa. Mgawo usio na mwisho, wenye leseni kwa wachache, ni kitanda. Na mtu aliyelala kitandani miaka ishirini hujifunza kulala.

Basi tufanye nini? Kwanza, tudai haki ng'ambo bila kuona haya. Brazili ilifanya hivyo: mwaka 2002 iliishitaki Marekani kwa ruzuku za pamba mbele ya Shirika la Biashara Duniani, ikashinda. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka malalamiko yao juu ya pamba mwaka 2003. Desemba 2015 mawaziri wa dunia walikutana Nairobi, katika mji wetu wenyewe, wakaamua kuondoa ruzuku za kuuza pamba nje, na kuifungulia pamba ya nchi maskini kabisa masoko yasiyo na ushuru wala mgawo, kadiri mipango ya kila nchi ilivyoruhusu. Uganda na Tanzania zilikuwamo katika hesabu ya nchi hizo, Kenya haikuwamo. Hivyo madai hayajakwisha. Lakini hatuwezi kuyadai kwa mdomo mmoja, na kwa mdomo mwingine tukaomba migawo yetu.

Pili, tukitaka kumlinda mkulima, tumlinde yeye mwenyewe. Apewe mbegu safi kabla ya mvua. Kinu cha kuchambulia pamba kiwe karibu naye, naye alipwe siku anapopima mzigo wake. Ikiwa lazima kiwanda kichanga kikingwe na nguo za nje, na kikingwe kwa ushuru ulioandikwa gazetini, ulio sawa kwa kila mtu, wenye tarehe ya mwisho inayojulikana na wote. Ushuru huingia hazina ya serikali, na mwananchi anaweza kuuliza umefanya nini. Faida ya leseni huingia mfuko wa mtu, wala hakuna wa kuuliza.

Msomaji, kidole kwenye ukosi wa shati lako. Pamba hiyo ilipandwa na mtu, ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa na kushonwa, na mahali fulani katika safari yake ilipita mbele ya meza yenye mhuri. Baadhi yenu mtaketi nyuma ya meza hiyo. Mtaletewa maombi mazuri yaliyoandikwa kwa lugha ya uzalendo, yakitaka pamba hii izuiwe na nguo ile ihesabiwe. Kabla ya kugonga mhuri, uliza atakayelipa ni nani, uliza kizuizi kitakwisha lini, kisha uliza ni kiasi gani kitakachomfikia mwenye jembe. Na mwombaji akishindwa kukujibu, mkumbushe kwamba palikuwa na mwaka ambao pamba ya Afrika Mashariki nzima ilipimwa mbele ya meza ya namna hiyo, ikaandikiwa tani moja.